Umechajiwa wapi? Neno moja la Kiingereza na mizigo yake

Mtu wa Mombasa akikwambia amechajiwa, usimpe pole wala hongera mpaka ujue alikuwa wapi. Kama ametoka Marikiti kununua iliki, ametajiwa bei. Kama ametoka kortini, amesomewa mashtaka. Kama ni simu yake iliyochajiwa, imeshiba umeme kwenye kibanda chenye kibao cha "Tunachaji simu". Na kama neno hilo amelikuta kwenye karatasi ya afisi ya ardhi, huenda kiwanja anachokipigia hesabu kiko rehani benki, na yeye anadhani ameonyeshwa ada ya serikali.

Neno lenyewe ni "charge". Mtoto wa shule ya msingi analijua, na mchuuzi asiyewahi kuingia darasani analitumia kutwa. Limezoeleka mno, na ndiyo sababu naliogopa kuliko msamiati mgumu. Neno gumu la Kiingereza humsimamisha msomaji. Mzee akiliona "encumbrance" kwenye barua atamwita mjukuu amsomee. Akiliona "charge" hamwiti mtu. Analipatia maana anayoijua, anageuza ukurasa.

Shuleni tulilifundishwa kwa njia ya orodha: "charge" ni kutoza, pia ni kushtaki, pia ni kushambulia, pia ni kutia umeme. Mwanafunzi anakariri, anapita mtihani, na akitoka nje ya lango anabaki na ile maana moja anayoitumia kila siku, ya bei. Nyingine zinakauka. Nadhani kosa si la mwanafunzi. Orodha humfanya aamini kuwa haya ni maneno manne au matano yaliyokutana kwa bahati kwenye tahajia moja, ilhali yote yana babu mmoja, na mwenye kumjua babu hahitaji kukariri wajukuu.

Warumi walikuwa na "carrus", gari la kukokotwa na wanyama, neno walilolichukua kwa Wagalia, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Humo likazaliwa tendo la kupakia gari. Kifaransa cha kale kikalitamka "charger", na kwenye karne ya 13 Kiingereza kikalipokea, pamoja na lile furiko la maneno ya Kifaransa lililofuata Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Maana ya mwanzo ilikuwa hiyo tu: kupakia, kutwika. Yaliyokuja baadaye ni majibu ya maswali mawili, mzigo gani na umetwikwa nani. Fedha aliyotwikwa mnunuzi ni bei. Tuhuma aliyotwikwa mtu ni shtaka. Kazi aliyotwikwa mtu ni dhamana. Deni lililotwikwa ardhi ni rehani.

Mzigo wa umeme una njia yake, na kwa bahati njia hiyo inaweza kuelezwa mbele ya Fort Jesus, pale mizinga ilipopangwa. Mzinga haukupigwa mpaka upakiwe baruti, na kipimo hicho cha baruti Waingereza walikiita "charge". Miaka ya 1740, Benjamin Franklin kule Philadelphia alipokuwa akichezea umeme kwenye chupa za Leyden, yaani chupa za kuhifadhia umeme, alikosa maneno ya kueleza alichokiona, akaazima ya wapiga mizinga: chupa ikijazwa umeme ilikuwa "charged", na chupa kadhaa zilizounganishwa akaziita "battery", jina la safu ya mizinga. Kwa hiyo kijana anayelalamika kuwa betri yake haishiki chaji anasema lugha ya ngome bila habari. Wareno waliojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 nao wana tendo la ukoo huohuo, "carregar". Mreno hupakia meli kwa neno hilo, hushindilia bunduki kwa neno hilo, na siku hizi kichaji cha simu anakiita "carregador". Hata ile maana ya kukimbilia adui kwa kasi, kama wapanda farasi wa Uingereza walivyofanya Balaclava mwaka 1854, yaelekea ilitoka kwenye silaha iliyokwisha kupakiwa. Ndiyo inayotumika kwa nyati na tembo pia. Huku mjini haituhusu sana.

Lililonifurahisha zaidi liko karibu nasi kuliko Philadelphia. Sisi tunaita mzigo wa melini shehena, na neno hilo tumelitoa kwa Waarabu. Nenda leo kwa Mwarabu umwulize kichaji cha simu anakiitaje: "shahin". Lori la mizigo je? "Shahina". Shehena ya meli na chaji ya umeme kwake zote ni "shuhna". Kiarabu hakina undugu na Kilatini, lakini kimepita njia ileile, kutoka kupakia mizigo hadi kupakia umeme. Maana yake ni kwamba Kiswahili kina neno la babu huyo nyumbani. Tungetaka, tungesema simu imeisha shehena na kila mtu wa Kilindini angeelewa. Hatukutaka. Tulichukua "chaji", likafanya kazi, na sina ugomvi nalo.

Huko Kilindini, kwa njia, kuna karatasi inayokusanya ndugu wawili. Ankara ya bandari inataja "cargo" juu na "charges" chini. "Cargo" ni neno la Kihispania lililoingia Kiingereza karne ya 17, la ukoo uleule wa "carrus". Wakala wa kuondoa mizigo anayeisoma kila siku anaona shehena na gharama. Mwenye historia ya lugha anaona mzigo uliolala ghalani na mzigo unaokua mfukoni kwa sababu ule wa kwanza haujaondolewa.

Tuje kwenye matumizi. Maana ya "charge" haimo ndani ya neno, imo kwenye jirani zake. Ukiona "charge for", ni fedha: muuza madafu amekutoza kwa dafu. Ukiona "charged with", ni korti: mtu ameshtakiwa kwa kosa fulani. Wengi wetu huandika "he was charged for stealing", au "charged of stealing", hili la pili kwa kuvutwa na "accused", ambalo kweli huchukua "of". Mwingereza akisoma lile la kwanza anaweza kuuliza, kwa nusu mzaha, wizi unauzwa bei gani. Neno likiwa jina lenye wingi, tazama kitenzi. "Charges" zikiwa "dropped" au mtu akiwa "faces" hizo, ni mashtaka. Zikiwa "waived", ni ada zilizosamehewa. "Free of charge" ni bure, kama mwenda kwa miguu anavyovuka feri ya Likoni ilhali mwenye gari analipa. Na "charge" isiyo na wingi, inayoshikwa au kuisha, ni ya betri.

Kiswahili hakikubebesha kitenzi kimoja kazi zote hizi. Kila mzigo una tendo lake, na kila tendo lina mtazamo wake. Kutoza kunatokana na kutoa: ni kumfanya mtu atoe. Kiingereza kinatazama mzigo ulio mabegani mwa mnunuzi, Kiswahili kinatazama mkono unaoingia mfukoni. Kushtaki tulikupata kwa Waarabu, na asili yake ni kulalamika. Sisi tunasimama na mlalamishi, Kiingereza kinasimama na aliyetwikwa. Ndiyo maana kutafsiri "charge" kwa neno moja la Kiswahili hakuwezekani, na vile vikamusi vya mfukoni vinavyoweka "toza" halafu nukta vinadhulumu watu.

Nimesema vinadhulumu, na sitanii. Chukua korti kwanza. Habari ikitoka kwa Kiingereza kuwa fulani "has been charged", ikafika kwenye simu za watu, baada ya saa moja barzani ameshafungwa. Wapo wanaosoma kama amehukumiwa, na wapo wanaosoma kama amepigwa faini. Hakuna kati ya hayo. Kushtakiwa ni kutwikwa tuhuma rasmi, na kuna hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye "convicted", yaani kupatikana na hatia, na "sentenced", yaani kupewa adhabu, na "fined", yaani kutozwa faini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na barza haina haja ya ushahidi.

Ndani ya korti yenyewe mambo ni mazuri kuliko nje, na ni haki kulisema. Karani huwasomea washtakiwa mashtaka kwa Kiswahili, nao hujibu kweli au si kweli. Huo si uungwana wa karani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu kwamba shtaka, pamoja na vipengele vyake vyote vya msingi, lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Katiba nayo imelitia nguvu: kifungu kilekile cha 50 kinataka taarifa anayostahili kupewa mtu apewe kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo aliyetwikwa mzigo wa jinai anaambiwa waziwazi ni mzigo gani.

Mwenye ardhi hana bahati hiyo. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu ndipo penye hasara za kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inapozungumzia mkopo uliodhaminiwa kwa ardhi, neno inalotumia ni "charge". Si "loan", na si "mortgage" ambalo watu wamelisikia kwenye matangazo ya benki. Mwenye ardhi anayekopa ni "chargor". Benki ni "chargee". Herufi chache za mwisho, na mmoja anaweza kupoteza nyumba ilhali mwingine ndiye atakayeiuza.

Mtu anayenunua kiwanja Kisauni au Likoni hushauriwa afanye sachi, yaani akague daftari la ardhi kabla ya kulipa, na ushauri huo ni mwema. Daftari la ardhi lina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ya pili inamtaja mwenyewe, ya tatu inaorodhesha mizigo iliyo juu yake. Mnunuzi anatazama ya pili. Jina ni lile la muuzaji, nambari ni ileile, anapumua. Ya tatu anaipitisha macho: kuna "charge", kuna jina la benki, kuna kiasi cha shilingi. Kwa mtu aliyezoea kuchajiwa Marikiti hayo ni malipo, tena pengine yamekwisha kulipwa, maana yameandikwa na kupigwa muhuri. Kumbe ni rehani iliyo hai. Sheria inasema wazi kuwa "charge" ni dhamana tu, haihamishi umiliki, na kwa hiyo jina la muuzaji litabaki pale sehemu ya pili hata kama amekopa mpaka shingoni. Karatasi haikusema uongo. Ilisema ukweli kwa neno ambalo mnunuzi alikuwa na hakika analijua.

Sheria hiyohiyo ina kinga moja ambayo wake na waume wengi hawaijui kwa sababu imefichwa nyuma ya neno hili. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa "charge" iliyo halali bila hati kutiwa saini na mwenzi, au kuwepo ushahidi kwamba amekubali. Mke akiletewa fomu ya benki akaambiwa "tia saini hapa, ni mambo ya charges", anaweza kudhani ni ada za kushughulikia mkopo. Anachokitia saini ni ruhusa ya nyumba kuuzwa deni likishindikana. Kwa aliye na nyumba bila ardhi, yaani iliyojengwa kwenye ardhi ya mwingine, kama walivyo wengi Majengo, ukurasa huu haumhusu, kwani hana hati ya kuipeleka benki. Ana mashaka ya aina nyingine.

Dawa yake si ngumu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na neno rehani limekuwa Pwani hii tangu zamani. Watu wameweka rehani minazi, mashamba na dhahabu kabla ya kuwepo afisi yoyote ya ardhi. Kuandika "rehani" kando ya "charge" kwenye karatasi ya sachi ni kazi ya wino kidogo. Sijaona sababu ya maana ya kutofanya hivyo, na ile ninayoisikia, kwamba wanaonunua ardhi wana mawakili, inamhusu mwenye uwezo wa wakili.

Kuna maana ya madaraka, nayo tumeimeza nzimanzima. Hospitalini kila wodi ina inchaji wake, na hakuna anayetafuta neno jingine. Kiingereza hapa kina mtego mdogo ambao hata wanaoandika barua za kiofisi huanguka nao. Muuguzi akiwa "in charge of" mgonjwa, yeye ndiye msimamizi. Mgonjwa akiwa "in the charge of" muuguzi, yeye ndiye anayesimamiwa. Tofauti ni "the" moja tu. Kiswahili kinaligeuza kwa kitenzi, anasimamia na anasimamiwa, na hakuna anayekosea.

Nisikilaumu Kiingereza peke yake, maana nasi tuna neno letu linalobeba namna hiyohiyo. Dhamana. Mahabusu anatoka kwa dhamana. Mkopaji anatoa dhamana. Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi wala hajakamatwa wala hajakopa. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaumwa kichwa hapo, na sisi tunamcheka, ilhali neno lake la "charge" linatutesa kwa tabia ileile. Tena dhamana imeingia karibu kila chumba "charge" ilimoingia: korti, benki, afisi ya mkubwa. Imekosa betri.

Limebaki lile la kutua mzigo, "discharge", na ukishajua mwanzo wake lafunguka lenyewe. Meli iliyotia nanga Kilindini ikipakuliwa, ni "discharge". Mgonjwa akipewa ruhusa kwenda nyumbani, ni "discharge". Usaha ukitoka kwenye kidonda, vivyo hivyo. Deni la benki likilipwa, husajiliwa "discharge of charge", na ardhi inakuwa imekombolewa. Mwenye kumaliza mkopo asiyeifuatilia karatasi hii ataendelea kuonekana na rehani daftarini hata kama hadaiwi senti.

La korti ndilo linaloharibiwa zaidi kwenye habari. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huwa "discharged". Vichwa vya habari huandika ameachiliwa huru, mashabiki wake wanapiga vigelegele, na wengine wanaapa kuwa korti imemsafisha. Korti haikumsafisha. Kifungu hicho chenyewe kinasema kuachiliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Aliyeondolewa hatia ni aliye "acquitted", kwa mfano chini ya kifungu cha 210 ikionekana hana kesi ya kujibu, au 215 baada ya kusikizwa kote, na huyo Katiba inakataza kumrudisha kizimbani kwa tendo lilelile. Kwa hiyo mwandishi anayeleta habari ya 87(a) kwa Kiswahili aache "huru" na aandike kwamba kesi imeondolewa na mshtakiwa anaweza kushtakiwa tena. Kichwa cha habari kitarefuka kidogo, na kwenye simu nafasi ipo.